Kirusi kimeonekana kwenye sampuli: je, ndicho kilichomlaza mtoto?

Mpimaji (Kiboriloni, Moshi)

Habari zenu wana jukwaa. Mimi ni mteknolojia wa maabara hapa Moshi, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kupokea sampuli zinazotoka wodi ya watoto. Nimefungua uzi huu kwa sababu ya swali la jirani yangu, ambaye mwanawe wa miezi minne alilazwa siku tano kwa kubanwa kifua. Walipotoka hospitali walikuwa na karatasi iliyoandikwa kwamba majimaji ya puani yamekutwa na kirusi cha RSV, kinachoshambulia njia ya hewa na mapafu ya watoto wadogo, pamoja na rinovirusi. Mama akaniuliza: "Kaka, mwanangu alikuwa na virusi viwili, mbona hakupewa dawa ya hata kimoja? Na sasa tumerudi nyumbani, bado anavyo?" Tulikuwa tumesimama getini kwake, mtoto akiwa mgongoni, na jibu nililompa lilikuwa fupi kuliko alivyostahili. Najua wazazi wengi wa Moshi na Arusha hupewa karatasi za namna hiyo bila kupata mtu wa kuwaeleza kilichoandikwa, ndiyo maana nimeona nilijibu swali lake hapa kwa kirefu.

Maabara inaposema "kirusi kimepatikana", mzazi husikia kwamba ugonjwa umejulikana. Mara nyingine ni kweli, lakini si kila mara. Kipimo kinaweza kutafuta kirusi chenyewe kikiwa hai, au kinaweza kutafuta vipande vyake tu, au kinaweza kutafuta namna mwili wa mtoto ulivyokipokea, na kila kimoja kina maana yake. Kukikuza kirusi ndani ya seli hai ndiyo njia ya kuthibitisha kwamba ki hai, ila huchukua siku nyingi, pengine wiki, na huhitaji maabara yenye ulinzi wa hali ya juu, hivyo haimsaidii mtoto ambaye leo yuko kwenye oksijeni.

Kinachotumika sana siku hizi ni PCR, njia iliyobuniwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, ambayo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1993. Hunakili kipande cha vinasaba vya kirusi kikawa viwili, viwili vikawa vinne, vinne vikawa vinane, mpaka nakala ziwe nyingi kiasi cha kuonekana. Kwa kuwa inaweza kuona hata chembe chache mno, huona pia mabaki ya ugonjwa uliokwisha kupita. Anayekuta majivu kwenye mafiga anajua kwamba moto uliwashwa pale. Kama ulizimika leo au juzi, majivu peke yake hayasemi.

Rinovirusi, yaani kirusi cha mafua ya kawaida, ni mfano ninaokutana nao zaidi. Vinasaba vyake vinaweza kuonekana puani wiki mbili au tatu baada ya mtoto kupona, na pia huonekana kwa watoto wanaocheza uani bila hata kikohozi. Adenovirusi hujificha kwenye tezi za koo na huendelea kutoka kwenye choo kwa wiki nyingi. Kirusi kiitwacho HHV-6, kinachowaletea watoto wadogo homa kali na vipele, kina jambo la ajabu zaidi: katika takriban mtu 1 kati ya 100, vinasaba vyake vimerithiwa ndani ya kromosomu kutoka kwa wazazi, kwa hiyo damu ya mtu huyo itaonyesha kirusi siku zote za maisha yake, awe mzima au mgonjwa.

Utafiti uitwao PERCH, uliofanywa katika nchi saba za Afrika na Asia kati ya mwaka 2011 na 2014, ukiwamo mji wa Kilifi kwa majirani zetu wa Kenya, ulilikabili tatizo hili kwa namna ninayoiheshimu sana. Watafiti hawakuishia kuwapima watoto zaidi ya 4,000 waliolazwa kwa nimonia kali. Waliwapima pia watoto zaidi ya 5,000 wa maeneo yale yale ambao hawakuwa na nimonia, kisha wakalinganisha. Ikaonekana kwamba virusi kadhaa, rinovirusi ikiwamo, viko pande zote mbili, lakini RSV ilikuwa nadra kwa watoto wasio na nimonia na ya kawaida kwa waliolazwa. Kwa watoto wasio na VVU waliokuwa na dosari kwenye picha ya eksirei, virusi vilikadiriwa kuwa chanzo cha asilimia 61 ya nimonia, na RSV peke yake asilimia 31.

Ukirudi kwa mtoto wa jirani yangu, basi, RSV ndiyo inayoshukiwa kwa haki, na rinovirusi huenda ilikuwa abiria tu. Kuhusu dawa, hakuna kidonge wala sindano inayotolewa kwa kawaida ili kuiua RSV ndani ya mtoto aliyekwisha kuugua. Kinachomwokoa ni kuongezewa oksijeni inapopungua mwilini, kulishwa kwa mrija anaposhindwa kunyonya, na jicho la muuguzi usiku kucha. Alitibiwa, na alitibiwa inavyotakiwa, ingawa hakupewa kitu ambacho mama angeweza kukiita dawa.

Mama Wawili (Njiro, Arusha)

Kaka Mpimaji, asante sana kwa maelezo haya. Mimi yangu ni tofauti kidogo. Mwaka jana mwanangu wa miaka mitatu alilazwa kwa homa iliyopanda na kushuka siku sita. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Wakapima Widali, wakasema ana taifodi kidogo, wakaanza sindano za kila siku. Siku ya tatu vikatokea vipele vidogo mwili mzima na homa ikaisha. Daktari aliyekuja zamu ya asubuhi akaniambia inaelekea ilikuwa virusi. Sikumlaumu mtu, kwa sababu mtoto alipona, lakini nimebaki na swali: kwa nini hawakupima virusi tangu mwanzo, badala ya kumchoma mtoto sindano zote zile?

Mpimaji

Mama Wawili, pole kwa siku hizo sita. Swali lako linagusa jambo lililopimwa hapa hapa kwetu. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, zaidi ya nusu yao wakiwa watoto, walichunguzwa kwa undani. Wagonjwa 528 kati yao, karibu asilimia 61, walikuwa wameandikiwa malaria na waliowapokea. Waliokuwa na malaria kweli kama chanzo cha homa ni 14 tu. Katika utafiti huo huo wagonjwa 55 walithibitika kuwa na maambukizi ya wakati huo ya chikungunya, na hakuna hata mmoja ambaye daktari wake alikuwa ameuorodhesha ugonjwa huo miongoni mwa anavyovishuku wakati wa kumlaza. Nao ni ugonjwa uliopata jina nchini mwetu, kutoka Kimakonde, baada ya mlipuko wa mwaka 1952 huko kusini, kwa sababu unamkunja mtu kwa maumivu ya viungo.

Sisemi haya kuwalaumu madaktari. Asiye na kipimo cha kirusi hawezi kukishuku kwa uhakika, na asiyeweza kuondoa shaka ya bakteria hulazimika kumkinga mtoto na lile linaloweza kumuua haraka. Nikiwa mtu wa maabara, lawama yangu naielekeza kwenye kipimo cha Widali kilichofanywa mara moja tu. Kinatafuta kingamwili, na kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa, tena huweza kuchochewa na maambukizi mengine. "Taifodi kidogo" si jibu la maabara. Taifodi huthibitishwa kwa kuotesha damu, na damu hiyo ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza ya antibiotiki.

Tabibu (Himo)

Ndugu Mpimaji, nakubaliana na mengi, lakini naomba nikuonyeshe upande wa wodini. Saa nane usiku analetwa mtoto wa miezi saba, anahema haraka, joto 39.4, mama amesafiri kutoka bondeni kwa bodaboda. Malaria hana. Nikikutumia usufi wa puani, yaani kijiti cha kuchukulia majimaji ya pua, majibu yatanifikia kesho kutwa ikiwa mambo yamekwenda vizuri. Kwa hiyo usiku ule nitampa antibiotiki, na sitajuta. Pia kuna jambo lingine: hata ukiniambia RSV ipo, hujaniambia kwamba bakteria haupo. Watoto wengi waliodhoofishwa na kirusi huingiliwa na bakteria nyuma yake. Sasa karatasi yako inanisaidia nini?

Mpimaji

Daktari, hoja yako ni ya haki, na usiku ule ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Hata hivyo karatasi ile inasaidia asubuhi ya pili. Mtoto aliyethibitika kuwa na RSV, anayenyonya tena, ambaye damu yake iliyooteshwa haijatoa kitu, anakupa sababu ya kusimamisha sindano badala ya kuziendeleza siku saba kwa mazoea. Pia inakuonya mtoto huyo asilazwe kitanda kimoja na mwenye utapiamlo au mwenye ugonjwa wa moyo, kwa kuwa RSV hukaa kwenye mikono na kwenye vyuma vya vitanda kwa saa kadhaa. Katika wodi ambazo watoto wawili hugawana godoro moja, nadhani hili peke yake linatosha kuhalalisha gharama ya kipimo. Vilevile kuna virusi vichache ambavyo vina dawa yake: influenza kali, na hasa malengelenge ya hepesi kwa mtoto mchanga, ambaye huanzishiwa dawa ya asiklovia mara tu anaposhukiwa, bila kungoja majibu.

Kuhusu bakteria aliyejificha nyuma ya kirusi, ndipo tunapohitaji kuuliza mwili wenyewe. Mwili unaopambana na kirusi hutoa intaferoni, yaani protini ya kujikinga na virusi, na intaferoni huamsha protini iitwayo MxA ndani ya seli za damu; mwili unaopambana na bakteria hupandisha zaidi protini nyingine za damu, CRP na prokalsitonini. Kirusi kilicho abiria tu kwa kawaida hakiuamshi mwili kiasi hicho, kwa hiyo vipimo vya namna hii hukaribia zaidi swali la maambukizi yanayoendelea kuliko PCR ikiwa peke yake. Kati ya hivi, CRP ndiyo inayopatikana kwa urahisi kwetu, na huhitaji tone la damu tu. Nakuomba hata hivyo usiisome peke yake. Adenovirusi inaweza kuipandisha sana ukadhani ni bakteria, malaria nayo huipandisha, na mtoto aliyeanza kuugua saa chache tu zilizopita anaweza kuwa na CRP ya chini ilhali bakteria tayari wamo kwenye damu, kwa sababu protini hiyo huchukua saa sita hadi kumi na mbili kuanza kupanda.

Mwanafunzi wa Maabara

Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza kuhusu namba ya mizunguko inayotoka kwenye mashine ya PCR. Tumefundishwa kwamba namba ikiwa ndogo kirusi ni kingi. Je, hatuwezi kuitumia kutenganisha mgonjwa na mbebaji, na kumwandikia daktari namba hiyo?

Mpimaji

Marahaba, mwanangu. Ulichofundishwa ni sahihi. Kila mzunguko huongeza nakala maradufu, hivyo tofauti ya mizunguko 10 ni sawa na tofauti ya karibu mara 1,000 ya wingi wa kirusi. Jibu la mzunguko wa 18 na la mzunguko wa 37 si kitu kimoja, na mimi binafsi ninapoona la 37 humpigia simu daktari kumweleza, badala ya kumwachia neno "chanya" tupu. Lakini usiifanye namba hiyo kuwa hakimu. Majimaji ya puani hayana ujazo maalumu kama damu. Muuguzi aliyeingiza usufi ndani kabisa na aliyegusa tundu la pua tu watakuletea namba mbili tofauti kutoka kwa mtoto yule yule, na mtoto aliyefika siku ya saba ya ugonjwa atakuwa na namba kubwa ingawa RSV ndiyo iliyomlaza.

Kwa kuwa umetaja mafunzo, niongeze jambo linalotendeka kabla ya mashine, maana hapo ndipo nilipoumia. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi, sampuli za watoto wanane zilichukuliwa Ijumaa jioni zikaachwa mezani mpaka Jumatatu, kwa sababu jokofu lilikuwa limejaa na aliyekabidhiwa zamu hakuambiwa. Sampuli hizo zinapaswa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 zikipimwa ndani ya saa 72, na zikizidi hapo zigandishwe kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri. Tulizipima. Zote nane zilitoka "hasi", na majibu yakatumwa wodini yakiwa hivyo. Mtoto mmoja kati ya wale alihamishiwa karibu na watoto wengine kwa sababu karatasi yetu ilisema hana kitu. Niliyeweka saini kwenye karatasi ile ni mimi, na mpaka leo naiona. Ilipasa tuandike kwamba sampuli haifai, tuombe nyingine. Kwa hiyo jifunze mapema kukataa sampuli, hata kama anayeileta ni mkubwa wako. Kataa usufi wa pamba wenye kijiti cha mti, kwa maana huzuia kemikali za PCR. Tumia wa nailoni au polyesta wenye kijiti cha plastiki. Damu ya PCR iwe kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, si cha kijani, kwa kuwa heparini iliyomo kwenye cha kijani nayo huzuia.

Mama Wawili

Nimesoma kwa makini hilo la kingamwili kubaki mwilini. Mdogo wangu alijifungua akiwa na VVU na anatumia dawa vizuri. Mtoto wake alipolazwa akiwa na miezi miwili walimpima kwa kutoboa kisigino, wakasema damu itakaushwa kwenye karatasi na kupelekwa maabara kubwa. Familia nzima ilishangaa kwa nini hakupimwa kwa kile kipimo cha dakika kumi na tano ambacho sisi sote tunakijua.

Mpimaji

Mama Wawili, walifanya vizuri kabisa. Kile kipimo cha dakika kumi na tano hutafuta kingamwili, na mama humpa mtoto kingamwili zake kupitia kondo la nyuma. Zinaweza kubaki kwa mtoto hadi miezi 18, hivyo kabla ya hapo kipimo hicho kikionyesha chanya kinaweza kuwa kinasoma damu ya mama ndani ya mtoto. Ndiyo maana hutafutwa vinasaba vya kirusi chenyewe kwa PCR, kwenye tone la damu lililokaushwa. Hilo tone kavu ni jambo la kuheshimiwa. Husafiri bila barafu kutoka zahanati iliyo mbali na barabara ya lami.

Umri wa mtoto na siku ya ugonjwa vina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Chukua dengi: siku tano za mwanzo hutafutwa kirusi au protini yake ya NS1, na kingamwili za IgM, zile zinazotangulia kutokea, ndipo huanza kuonekana siku ya nne au ya tano, kwa hiyo IgM iliyo hasi siku ya pili haina maana yoyote. Surua nayo, damu ikichukuliwa ndani ya siku tatu tangu vipele vitoke, IgM inaweza kuwa bado haijapanda, na mtoto akiwa amechanjwa wiki chache zilizopita, IgM anayoionyesha inaweza kuwa ya chanjo. Mpimaji asiyeandikiwa tarehe ya vipele wala tarehe ya chanjo anafanya kazi gizani. Kirusi cha saitomegalo, ambacho mtoto akizaliwa nacho kinaweza kumharibu masikio, ndicho kinachonisikitisha kuliko vyote, kwa kuwa mkojo au mate yakipimwa ndani ya siku 21 za kwanza tunaweza kusema alizaliwa nacho, na siku hizo zikipita hatuwezi tena kutofautisha na alichokipata kwa kunyonya. Nimeletewa watoto wa miezi mitano wasiosikia, na sikuwa na la kumwambia daktari.

Mahali pa sampuli nako kuna maana yake. Enterovirusi, yaani virusi vinavyokaa tumboni, kwenye choo cha mtoto wa mitaa kama Pasua au Unga Limited si habari kubwa. Enterovirusi hiyo hiyo kwenye maji ya uti wa mgongo ya mtoto mwenye degedege ni jibu, kwa sababu pale hapatakiwi kuwa na kirusi chochote.

Tabibu (Himo)

Umenishawishi kuhusu asubuhi ya pili. Nitaanza kuandika kwenye fomu siku ya ugonjwa na tarehe za chanjo, jambo ambalo nakiri huwa tunaliacha wazi. Ombi langu kwenu watu wa maabara ni moja: mashine za GeneXpert zilizoletwa kwa ajili ya kifua kikuu zipo kwenye hospitali nyingi za mkoa na wilaya, na zina katriji za influenza na RSV zinazotoa majibu chini ya saa moja. Zipiganieni hizo katriji kwenye bajeti.

Mpimaji

Tutazipigania, Daktari, nanyi mtusaidie kwa kuandika barua mkiwa upande wa wodi, kwa kuwa maabara ikiomba peke yake huonekana inajiombea vifaa.

Nimalizie na swali la pili la jirani yangu, ambalo nimelichelewesha. Jana aliniuliza tena kama ampeleke mtoto kurudiwa kipimo kabla ya kwenda Marangu kwa bibi yake. Nimemwambia hapana. PCR inaweza bado kuonyesha RSV kwa wiki moja au zaidi ijapokuwa mtoto amepona, nayo haitabadilisha chochote atakachofanyiwa. Nyumbani kwa bibi kuna kichanga wa wiki tatu, kwa hiyo wangoje wiki nyingine mbili, na watakapofika waoshe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba. Halafu nimemfundisha kuhesabu pumzi: mtoto akiwa ametulia au amelala, amfunue kifua, ahesabu kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Kwa mtoto wa umri wa miezi miwili hadi kumi na mmoja, zikifika 50 au zaidi, au mbavu zikiingia ndani anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, asingoje asubuhi wala asipitie duka la dawa, ampeleke hospitali moja kwa moja. Jana jioni alihesabu mbele yangu, akapata 38.